Uvira: Walimwambia amchinje kuku wake kabla hajafa

Katika kartie ya Kimanga, mjini Uvira, jimbo la Kivu Kusini, mama mmoja mjane alitoka nje Jumanne asubuhi akiwa na chenga za mahindi mkononi, kama afanyavyo kila siku kabla ya kwenda sokoni kuuza ndagala. Vifaranga saba walimkimbilia. Mama yao, kuku mwekundu aliyefungwa kamba mguuni chini ya mwembe, hakusogea. Alikuwa amejikunyata, manyoya yamesimama, mkia umeshuka, jicho moja limefungwa. Mama alimtupia chenga karibu na miguu. Kuku alizitazama tu.

Kila mtu anayefuga kuku hapa Uvira anajua maana ya hali hiyo, ao anadhani anajua. Jirani wa kwanza aliyechungulia juu ya uzio wa matete hakuuliza hata swali moja.

“Mama, chinja leo. Kesho utamzika bure.”

Ndiyo desturi. Kuku akisinzia, kisu kinatafutwa, na kama mwenyewe hana moyo wa kumla, anafungwa miguu na kupelekwa sokoni jioni, saa ambayo giza linasaidia muuzaji. Saa mbili haijafika, kijana mmoja anayezunguka mitaani na kapu la kuku kwenye baiskeli alikuwa amekwisha kusikia habari. Alimtazama kuku, akamwinua bawa, akasema atatoa franka elfu 12. Kuku huyo akiwa mzima hangeuzwa hata kwa mara mbili ya bei hiyo, kwani ni mtagaji na ni mlezi mzuri wa vifaranga. Kijana hakuuliza anaumwa nini. Kwa kazi yake, swali hilo halina faida.

Mama alikataa. Si kwa sababu ya bei.

Kiangazi kilichopita, mama huyu alikuwa na kuku 11. Jioni moja sokoni alikuta mtu anauza kuku jike kwa bei ya chini sana. Kuku alikuwa anasinzia, lakini muuzaji alisema ni uchovu wa safari, kwamba ametoka mbali. Mama alifurahi, akamlipa, akamwingiza pamoja na wengine usiku huohuo. Siku tano hazikupita. Kuku wake walianza kuhema midomo wazi, wakanya kinyesi cha kijani, wawili wakapinda shingo mpaka kichwa kikatazama mgongo. Ilikuwa pesti ya kuku, ile ambayo vitabu vya Kiswahili vinaiita kideri. Alizika kumi, pamoja na yule aliyemnunua. Akabaki na wawili, kisha jogoo naye akafa. Na haikuishia kwake: ng’ambo ya uzio, jirani mwenye bustani ya lengalenga alipoteza kuku wote sita, na mpaka leo anajua ugonjwa ulitoka wapi.

Aliyesalia ndiye huyu mwekundu. Kwa hiyo kijana wa baiskeli aliponyosha noti zake, mama aliona parseli nyingine, mama mwingine anayefurahia bei rahisi.

Pengine msomaji atauliza: kuku mmoja ni nini? Kwa nyumba hii si jambo dogo. Mama alipoteza nyumba na karibu vyombo vyote katika mafuriko ya mto Mulongwe, mwezi wa nne mwaka 2020, na tangu hapo anapanga chumba kimoja na sebule pamoja na mjukuu wake. Mtoto huyo yuko mwaka wa pili wa sekondari. Masomo ya msingi katika shule za serikali yalifanywa ya bure tangu 2019, lakini sekondari inaomba minervali, na ndagala peke yake hazitoshi kuilipa. Vifaranga saba wale walikuwa wamehesabiwa: wakikua, wauzwe karibu na Bonane, wakati kila nyumba inataka kuku mezani. Walikuwa na wiki tatu tu. Kifaranga wa wiki tatu anaweza kula mwenyewe, lakini usiku bado anataka bawa la mama. Kuku akifa, vifaranga wengi watamfuata.

Mjukuu ndiye aliyekumbusha kwamba kuna veterineri aliyewahi kupita kartieni akiwafundisha wakaaji kufuga mbuzi. Namba yake ilikuwa imeandikwa kwa makaa ukutani. Walimpigia, salio likiwa kidogo. Alikuwa mbali, katika bonde la Ruzizi, hangeweza kufika kabla ya Jumapili. Lakini alikuwa na maswali, na maswali hayo ndiyo yalibadilisha mambo.

Je, wamelala wangapi? Mmoja tu. Na vifaranga? Wanakimbia, wanakula. Kuku anahema kwa sauti? Hapana. Shingo inapinda, mguu ao bawa limelegea? Hapana. Kinyesi je? Kidogo sana, cha maji, cheupe cheupe.

“Mama, ingekuwa pesti, hao wadogo mngekwisha kuwaokota,” alisema. “Lakini mtenge hata hivyo. Msiweke vifaranga naye mpaka tujue. Sasa weka mkono chini ya shingo, mbele ya kifua, upande wa kuume. Unagusa nini?”

Mama aligusa. Kulikuwa na kitu kigumu, kikubwa kama embe dogo. Yeye hakukishangaa, kwani gole la kuku likijaa chakula huwa linavimba. Veterineri alimwambia asimpe chakula chochote mpaka kesho, ila maji tu, kisha aguse tena asubuhi na mapema. Kuku mzima analala gole likiwa limejaa na kuamka likiwa tupu, kwa sababu usiku chakula kinashuka. Likiwa bado gumu asubuhi, basi njia imezibwa.

Salio likaisha hapo.

Usiku huo chumba kile kimoja kiligeuka hospitali. Kuku aliwekwa ndani ya katoni jikoni, chini yake majivu makavu na kitambaa. Vifaranga waliwekwa ndani ya kapu sebuleni, na kwa kuwa hawakuwa na mama wa kuwafunika, mjukuu alijaza maji ya moto ndani ya bido la lita tano, akalizungushia kitenge kikuukuu, akalilaza katikati ya kapu. Vifaranga walilizunguka na kunyamaza. Ilibidi maji yabadilishwe kila baada ya saa tatu. Saa tisa ya usiku wote wawili walipitiwa na usingizi, bido likapoa, na asubuhi kifaranga mmoja alikutwa amekauka pembeni. Wakabaki sita.

Jumatano, kabla jua halijachomoza upande wa Burundi ng’ambo ya ziwa, mama aliingiza mkono ndani ya katoni. Gole lilikuwa vilevile. Gumu, baridi kidogo, kama bonge la bugali la jana.

Hapa inafaa kueleza kidogo, kwani wengi wanaofuga kuku miaka mingi hawajawahi kuliwaza gole. Kuku hana meno. Anachomeza kinangoja kwanza ndani ya gole, kinalainika kwa maji, kisha kinashuka polepole mpaka kwenye filigisi. Ndani ya filigisi ndimo kuna changarawe ambazo kuku amezidona chini, nazo zinasaga chakula kama mawe ya kusagia. Kuku anayezunguka anajitafutia changarawe mwenyewe. Lakini akimeza nyasi ndefu kavu, ao kitu cha nyuzinyuzi, vinasokotana ndani ya gole na kuwa kifundo. Chakula kinachofuata kinakaa juu yake. Kuku anakufa kwa njaa huku gole limejaa.

Kwa upande wa majirani, dawa zilikuwa tayari. Mmoja alileta pilipili iliyosagwa ndani ya maji. Mwingine alisisitiza tetra, na mama, kusema kweli, alikuwa amekwisha kununua vidonge viwili asubuhi ile. Tetra imekuwa dawa ya kila kitu katika mji huu: jino, tumbo, kidonda, mbuzi, kuku. Veterineri aliposikia, baada ya salio kuongezwa, alicheka kwa huruma.

“Tetra haiyeyushi nyasi, mama. Zaidi ya hapo, ukimpa, mayai yake mtakula nayo. Iweke pembeni. Una mafuta ya mawese?”

Katika Uvira, nani hana mafuta ya mawese?

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono tu. Mafuta yalipashwa moto kidogo mpaka yakawa majimaji, yasiunguze kidole. Mjukuu alimshika kuku, ameketi wima mapajani, si kichwa chini. Mama alifungua mdomo na kudondosha mafuta pembeni ya ulimi, tone kwa tone, mpaka nusu ya kijiko kidogo. Veterineri alikuwa amemwonya mara mbili: nyuma ya ulimi kuna tundu la pumzi, na anayemimina maji kwa haraka anamzamisha kuku kwenye nchi kavu. Kisha akaanza kulikanda gole kwa vidole viwili na dole gumba, polepole, kama mtu anayelainisha unga wa mandazi, kwa muda wa kuchemsha chai. Anapumzika. Maji kidogo. Baada ya saa chache anarudia. Mara nne kwa siku.

Watu wengi wakisikia kuku amegeuzwa kichwa chini ili atapike, wanaona ni akili nzuri. Kuna hata wanaojivunia kuifanya. Wengine kuku wao walipona, na wengine kuku wao walikufa mkononi dakika ileile, maji machafu yakiwa yameingia mapafuni. Mama aliambiwa asijaribu, naye hakujaribu.

Siku hiyo ya Jumatano hakuna kilichobadilika. Alhamisi ilikuwa mbaya zaidi. Kuku hakuwa amekula tangu Jumatatu, kifua kilikuwa kimekonda mpaka mfupa wake unakata kama kisu, na alipowekwa chini alikaa palepale alipowekwa. Mama alikuwa amekosa soko siku mbili. Ndagala alizokuwa amenunua kwa deni bandarini Kalundu zilikuwa bado ndani ya gunia. Kijana wa baiskeli alirudi, akasema sasa ni elfu saba, na kesho hatakuja.

“Mama, nakusaidia tu,” alisema.

“Utamuuza kwa nani, mwanangu?”

“Wateja hawakosekani.”

Mama alinyamaza. Kijana alingoja kidogo, kisha akasukuma baiskeli yake na kwenda.

Lakini isidhaniwe kwamba alikuwa hana shaka. Mchana ule aliweka sufuria ya maji motoni, na hayakuwa ya bido. Yalikuwa ya kunyonyolea manyoya. Alimtuma mjukuu kwa jirani kuazima kisu kikali. Mtoto alikwenda, akakaa muda mrefu kuliko safari ya mita ishirini inavyotaka, akarudi mikono mitupu.

“Bibi, wamesema kisu kimepotea.”

Huenda kilikuwa kimepotea kweli. Mama alimtazama, hakusema kitu, akapakata kuku na kuanza tena kukanda, kwa kuwa maji yalikuwa bado hayajachemka na mikono haikuwa na kazi nyingine. Ni hapo ndipo vidole vyake viliona tofauti. Bonge lilikuwa limepasuka katikati. Sehemu moja ilibaki ngumu, nyingine ilikuwa inateleza chini ya ngozi kama uji mzito. Alikanda mpaka dole gumba likafa ganzi. Maji yalichemka, yakatumika kwa bido.

Ijumaa asubuhi, kuku alikuwa amesimama ndani ya katoni. Gole lilikuwa dogo, laini, kama mfuko uliokunjika. Juu ya kitambaa kulikuwa na kinyesi kingi chenye harufu ya kuudhi, na ndani ya kinyesi, nyuzi. Nyuzi nyeupe na za bluu, zimesokotana. Kuku alipofungua mdomo, uzi mwingine ulionekana ukining’inia kooni. Mjukuu alitaka kuuvuta, lakini bibi yake alimzuia, kwani mwisho wake haukujulikana umeshika wapi ndani. Waliuacha. Jioni haukuwapo tena.

Mama alichukua nyuzi zile kwa kijiti, akatoka nje mpaka chini ya mwembe. Palepale alipokuwa amemfunga kuku kulikuwa na gunia kuukuu la unga alilolitandika kwa mkono wake mwenyewe, ili vifaranga wasilale kwenye unyevu. Gunia la plastiki, jeupe, lenye mistari ya bluu. Upande mmoja lilikuwa limedonolewa mpaka limekuwa kama ndevu.

Wiki tatu kuku alikuwa amefungwa pale. Vifaranga walipoanguliwa, mama aliogopa mwewe, tena aliogopa jirani wa lengalenga, ambaye tangu habari ya pesti hakuwa akivumilia kuona kuku wa mama huyu akichakura katika bustani yake. Kwa hiyo kamba ya mita moja. Ndani ya mita moja hakukuwa na changarawe, wala mchwa, wala jani bichi. Kuku mwenye vifaranga humwaga chakula chake mbele yao. Yeye alikuwa anabaki na njaa, na kilichokuwa karibu na mdomo wake ni gunia. Pesti haikuhusika kabisa, wala hakuna aliyemroga, ijapo neno hilo nalo lilikuwa limekwisha kutamkwa kartieni.

“Ni mimi,” alisema mama. Alilikunja gunia na kulitupa mwenyewe.

Jumamosi ilikuwa siku ya uji. Uji mwepesi wa mahindi, kijiko kwa kijiko, kisha wali uliopikwa mpaka ukavunjika. Mtoto alishuka mpaka kwenye mto Mulongwe na kurudi na kopo la changarawe ndogo alizozichagua. Majani mabichi hayakuwapo ndani ya parseli, na aliyekuwa nayo ni jirani mmoja tu. Mama alisita sana. Mwishowe alikwenda uzioni, akaomba lengalenga kidogo kwa ajili ya mgonjwa.

“Mgonjwa gani?” jirani aliuliza.

“Kuku, baba.”

Jirani alikaa kimya muda kidogo. Kisha alikata shada moja, akalipitisha juu ya matete, akauliza kama ni kweli hakuwa na pesti. Mama alimwonyesha nyuzi, ambazo bado alikuwa amezihifadhi ndani ya karatasi. Jirani alizitazama kwa karibu, akaita mke wake naye aje kuzitazama.

Veterineri alifika Jumapili kama alivyoahidi, na temosi begani. Alimgusa kuku, akasema gole limerudi, ila likishanyooka sana linaweza kujaa tena, kwa hiyo kwa wiki mbili apewe chakula laini, mara nyingi na kidogo kidogo, na kamba isirudi. Ndani ya temosi kulikuwa na chanjo ya kideri. Ugonjwa huo hauna dawa ya kuutibu ukishaingia, chanjo peke yake ndiyo inayosaidia, kwa kuku aliye mzima. Tone moja ndani ya jicho, na kurudia kila baada ya miezi mitatu ao minne. Tatizo ni chupa yenyewe. Chupa moja inatosha kuku wengi, mara nyingi mia moja ao zaidi, na ikishafunguliwa haikai. Mama mwenye kuku mmoja hawezi kuinunua peke yake, na mwenye kuku watano vilevile. Kwa hiyo hakuna anayeinunua, na kila kiangazi kartie inazika kuku.

Siku ile mjukuu na wenzake walizunguka mlango kwa mlango. Wakaaji walikuja na kuku ndani ya makapu, ndani ya basani, wengine chini ya kwapa, kila mmoja akitoa franka chache. Baadhi walikataa: walisema chanjo itaua kuku wao, ao kwamba ni biashara ya veterineri. Hao watakuwa bado ni majirani wa waliochanja, na ndilo jambo ambalo veterineri alionekana kulihofia alipokuwa anahesabu makapu. Vifaranga sita walipata tone lao. Kuku mwekundu hakupewa. Bado alikuwa dhaifu, na aliahidiwa siku nyingine, chupa nyingine ikifunguliwa.

Ndagala za deni ziliuzwa kwa hasara kidogo, kwani zilikuwa zimeanza kuvunjika ndani ya gunia. Minervali ya robo hii bado haijatimia.

Kuku sasa anatembea bila kamba, vifaranga sita nyuma yake. Wiki iliyopita alipita chini ya matete na kuchakura tuta zima la lengalenga. Jirani alitoka mbio akiwa ameshika donge la udongo, akalirusha, akamkosa. Kisha akaita juu ya uzio:

“Mama! Kuku wako ameisha kupona sana sasa!”

“Utanisamehe, baba.”

“Akiatamia tena, uniwekee wawili. Majike.”